Kukusanya wanasesere wa kale: anza na nguo, sura itafuata

Mara ya kwanza kushika mwanasesere wa Kifaransa wa miaka ya 1870, mwenye mkusanyo aliniambia nisitazame uso kwanza. Alipindua upindo wa sketi na kunisogezea taa. Ndani kulikuwa na bitana ya melimeli, na kuzunguka upindo wote kulishonwa utepe mwembamba wa sufu, ule wa kuzuia kitambaa kisichakae kwa kuburuzwa chini. Mwanasesere mwenyewe alikuwa na urefu wa sentimita 45. Sketi ile isingeburuzwa popote. Fundi aliweka utepe kwa sababu ndivyo sketi za wanawake wa Paris zilivyoshonwa, naye hakuona kwa nini ampunje mwanasesere.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kukusanya wanasesere wa namna hiyo: wa mapambo, wa zamani, wenye mavazi yaliyoshonwa kwa mkono. Wakusanyaji wengi huanzia kwenye kichwa, maana kichwa ndicho chenye jina la kiwanda. Mimi nakushauri uanzie kwenye nguo. Kichwa cha kauri kinaweza kufukiwa ardhini miaka 100 kikafukuliwa kikiwa kilekile. Hariri haiwezi. Nguo ndiyo inayokufa kwanza, ndiyo inayobadilishwa kwanza, na ndiyo inayosema mengi kuhusu nani alimtengeneza mwanasesere, lini, na kwa ajili ya nani.

Hatua ya 1: Chagua njia nyembamba

Kwa kawaida kitu huitwa cha kale kikitimiza miaka 100, na hata forodha za Marekani hutumia kipimo hicho. Lakini ndani ya hiyo "kale" kuna dunia kadhaa, na kila moja ina elimu yake.

Wapo wa mbao. Waingereza waliwachonga katika karne ya 17 na ya 18 na kuwavika magauni ya hariri yaliyofuata mitindo ya watu wazima. Baadaye bonde la Gröden, kwenye milima ya Alps, lilitoa wanasesere wadogo wa mbao wenye viungo vya vigingi, wa bei nafuu kabisa. Hao ndio aliowapenda Malkia Victoria alipokuwa msichana. Alikuwa nao 132, na yeye na mlezi wake, Louise Lehzen, waliwashonea mavazi ya mabibi wa ikulu na ya wachezaji wa opera na baleti. Mti wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Kilichowafanya watunzwe mpaka leo ni sindano iliyopita juu yao na mikono iliyoishika.

Wapo wa nta, hasa wale wa London kutoka familia za Montanari na Pierotti. Nywele zao ziliingizwa kwenye nta kwa sindano ya moto, chache chache, mpaka kichwa kikajaa. Wapo wenye vichwa vya karatasi iliyopondwa na gundi, na wenye vichwa vya kauri inayong'aa, ambao walienea sana kuanzia miaka ya 1840.

Kisha wapo wa biski, na hawa ndio wanaowavuta watu wengi. Biski ni kauri isiyopakwa ule ung'avu wa kioo, kwa hiyo uso wake una ubutu mwororo unaofanana na ngozi. Wafaransa waliitumia kwa wanasesere wa mitindo wa miaka ya 1860 na 1870: wanawake wazima wenye kiuno chembamba, waliouzwa pamoja na sanduku la nguo, glavu, miavuli, viatu na kofia. Baadaye wakaja wanasesere wenye sura ya mtoto, wa viwanda kama Jumeau na Bru, mpaka ushindani wa Wajerumani ulipowalazimisha Wafaransa kuungana katika kampuni moja, S.F.B.J., mwaka 1899. Upande wa Ujerumani, jimbo la Thuringia, hasa Sonneberg na Waltershausen, lilijaa viwanda: Simon & Halbig, Kestner, Kämmer & Reinhardt, Armand Marseille.

Torino, Italia, kuanzia mwaka 1919, kampuni ya Lenci ya Elena König Scavini ilitengeneza wanasesere wa felti, yaani sufu iliyoshindiliwa bila kufumwa, wenye nguo za felti zenye maua, marinda na rangi ambazo hazina mfano. Japani ina ukoo wake tangu zamani, kuanzia wanasesere wa ikulu wanaopangwa kwenye ngazi kila tarehe 3 Machi hadi wanasesere wakubwa wenye sura ya mtoto na kimono, kama wale 58 ambao Japani iliwatuma Marekani mwaka 1927 kwa ajili ya urafiki.

Chagua mmoja kati ya hawa, kisha punguza tena. "Wanasesere wa Kijerumani" bado ni pana. "Wa Kijerumani wenye mavazi ya mikoa yaliyoshonwa kiwandani kabla ya mwaka 1914" ni njia unayoweza kuipita ukajifunza. Anayenunua kila kinachompendeza huishia na kabati iliyojaa, na hawezi kueleza hata kimoja.

Hatua ya 2: Jaza macho kabla ya kufungua mkoba

Kwa miezi kadhaa usinunue. Tazama. Young V&A ya London (jumba la makumbusho la watoto), jumba la The Strong la Rochester, New York, na jumba la wanasesere na vitu vya kuchezea la Sonneberg, lililoanzishwa mwaka 1901, yana wanasesere wengi ambao historia yao inajulikana. Kama huwezi kufika, tafuta picha za mikusanyo yao kwenye intaneti na uzikuze mpaka uone nyuzi. Tazama pia picha za watu waliovaa nguo za miaka hiyo. Ukijua bega la mwaka 1895 lilivyovimba na la mwaka 1875 lilivyobana, hakuna muuzaji atakayekuchanganya kirahisi.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo nyembamba, taa ya urujuanimno (UV), utepe wa kupimia, na kitambaa cheupe cha pamba cha kutandika mezani. Kuhusu glavu, ukishika kauri afadhali mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa, kwa sababu glavu za pamba huteleza. Glavu nyembamba za mpira zivae unapogusa nguo.

Hatua ya 3: Soma mwili, lakini usikae hapo

Alama za kiwanda kwa kawaida ziko kisogoni chini ya wigi, au kwenye mabega, au mgongoni. Namba utakayoiona mara nyingi ni ya kalibu, yaani umbo lililotumika kufinyangia kichwa, na wengi huidhania kuwa ni mwaka. Armand Marseille 390, kwa mfano, ni kalibu iliyotumika miaka mingi na kwa wingi mno. Ni mwanasesere mzuri wa kuanzia, ila si adimu.

Jina la nchi husaidia. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na ilianza kutumika mwaka 1891. Kwa hiyo kichwa chenye neno "Germany" kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Kisicho na neno hilo kinaweza kuwa cha kabla, au kilipelekwa soko jingine, kwa hiyo usikimbilie kusema ni cha zamani zaidi.

Omba ruhusa ya kuinua wigi. Ukiruhusiwa, ingiza tochi ndani ya kichwa katika chumba chenye giza. Ufa mwembamba kama unywele, ambao kwa nje huuoni, utatokea kama mstari mweusi. Kisha pitisha taa ya urujuanimno juu ya uso: rangi iliyopakwa juu baadaye huonekana tofauti na biski inayoizunguka. Tumezoea kuambiwa tuzibe ufa. Kwenye kauri ya kale, ufa uliozibwa na kupakwa rangi ni tatizo kubwa kuliko ufa ulioachwa wazi, kwa sababu wa wazi unajua umefika wapi.

Angalia kama kichwa na mwili vinalingana: shingo ikae vizuri kwenye tundu lake, rangi ya mikono isitofautiane mno na ya miguu, vidole viwe vyote. Macho ya kufumba yasijaribiwe kwa kumtikisa mwanasesere. Mlaze taratibu. Basi, sasa tuje kwenye nguo.

Hatua ya 4: Soma nguo kutoka ndani kwenda nje

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Muuzaji atakuonyesha mbele ya gauni, wewe omba kuona ndani. Mbele ilishonwa ili ipendeze. Mtu aliyeighushi jana naye alifanya kazi yake yote mbele.

Anza na mshono. Mshono wa mkono hautoki sawa kabisa: hatua mbili ndefu, moja fupi, kisha fundi anarudi nyuma kidogo kukaza. Mshono wa mashine si dalili ya uongo, maana Singer alipata hataza yake mwaka 1851 na mashine ziliingia haraka kwenye karakana. Gauni la miaka ya 1880 linaweza kuwa na mishono mirefu ya mashine na pindo zilizomaliziwa kwa mkono, na hiyo ni kawaida kabisa. Linalodaiwa ni la mwaka 1840 lakini limeshonwa kwa mashine, hilo limejisema lenyewe.

Nenda kwenye vifungo. Kulabu na vitanzi vidogo vya shaba, kamba za kufunga, vifungo vidogo vya kioo au kauri: hivi ni vya karne ya 19. Vifungo vya kubonyeza vilipewa hataza Ujerumani mwaka 1885 na vilienea kwenye nguo baadaye. Zipu zilikuja kwenye nguo za kawaida miaka ya 1930. Nailoni ilitangazwa mwaka 1938. Lakini kumbuka kwamba watoto walicheza, na mama akabadilisha kulabu iliyokatika kwa alichokuwa nacho. Kifungo kimoja kipya kwenye gauni lenye mishono ya kale kinaweza kuwa kumbukumbu ya mtoto aliyelipenda. Tazama matundu ya sindano yanayokizunguka. Kama kuna matundu ya zamani, yaliyopanuka, pembeni mwa uzi mpya, kifungo kilibadilishwa. Kama hakuna, huenda gauni lote ni jipya.

Rangi. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau iliyobadilisha nguo za dunia nzima. Ndani ya miaka michache waridi kali, zambarau na buluu za viwandani zikafika mpaka kwenye sketi za wanasesere. Zambarau ya asili ilikuwapo kabla yake, kwa hiyo rangi peke yake haihukumu. Inakupa swali la kuuliza.

Kuna rangi moja ya kuogopa. Kijani angavu cha karne ya 19 mara nyingi kilitengenezwa kwa aseniki, na kilitumika kwenye vitambaa na hasa kwenye majani ya maua ya bandia ya kofia. Ukikutana na kijani kikali cha wakati huo, vaa glavu, usipulize vumbi lake, osha mikono, na usimpe mtoto ashike.

Ukubwa wa mapambo. Fundi mzuri wa wakati ule alitafuta lesi nyembamba, mistari myembamba, maua madogo, shanga za punje. Kitambaa chenye maua makubwa kama kiganja cha mwanasesere kwa kawaida kimetoka kwenye gauni la mtu mzima lililokatwa, ama zamani ama juzi. Tazama pia marinda. Kwenye kiuno cha mwanasesere wa Kifaransa niliyemtaja, marinda yalikuwa ya upana wa punje ya mchele, na kila moja lilishikwa kwa hatua mbili za uzi wa hariri wa rangi ya kitambaa. Mtu anayevisha upya ili auze hana subira hiyo.

Dalili niipendayo kuliko zote ni kivuli. Nguo iliyokaa juu ya mwili mmoja kwa miaka 120 huacha alama. Chini ya mkanda kitambaa hakikupauka. Ngozi ya mwili chini ya kola ni nyeupe kuliko ya kifuani. Pini iliyopata kutu imeacha doa kwenye gauni, kwenye gaguro chini yake, na kwenye mwili, na madoa hayo matatu yanapangana. Ukiyaona yamepangana, nguo na mwanasesere hawa wameishi pamoja. Sijaona ushahidi unaozidi huo.

Mwisho washa taa ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za kisasa na vitambaa vilivyotiwa king'arisho, ambacho kilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, hung'aa buluu-nyeupe. Lakini shimizi ya kale iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo hung'aa. Kwa hiyo tazama uzi kando na kitambaa: kitambaa kiking'aa na uzi pia, labda ni sabuni, na uking'aa uzi peke yake, mshono ni mpya.

Baada ya haya yote iweke nguo katika moja ya makundi manne: nguo yake mwenyewe tangu kiwandani au nyumbani kwa mara ya kwanza, nguo ya wakati wake lakini ya mwanasesere mwingine, nguo iliyoshonwa baadaye kwa kitambaa cha kale, nguo mpya. Hata ya nne unaweza kununua ukiipenda, ilimradi ulipie kama ya nne. Na usidharau ya nyumbani. Wanasesere wengi wa Jumeau waliuzwa wakiwa na shimizi tu, na gauni alishonewa na mama, shangazi au mtoto mwenyewe. Gauni lenye mshono uliopinda wa mtoto wa miaka tisa ni asili yake kama lilivyo lile la karakana ya Paris, na mimi nalithamini zaidi.

Hatua ya 5: Uliza, kisha nunua

Kabla ya kulipa omba picha sita: kisogo bila wigi, mwili bila nguo, ndani ya gauni, nguo za ndani zote, nyayo za viatu, na mikono kwa karibu. Muuzaji mwaminifu atazipiga. Uliza nani alimmiliki, na kama kuna barua, picha au sanduku lililokuja naye. Uliza moja kwa moja, "Nguo hizi alikuja nazo?" na uombe jibu kwa maandishi. Kwenye mnada omba ripoti ya hali yake kabla ya siku yenyewe, weka kikomo chako kwenye karatasi, ukumbuke kuongeza ada ya mnada.

Kuna tabia inayoniuma. Wapo wanaomnunua mwanasesere aliyekamilika, wanamvua, wanauza gauni peke yake, kofia peke yake, viatu peke yake, na mwili mtupu peke yake, kwa sababu vipande vinne huleta faida kuliko kimoja. Niliwahi kukuta viatu vya ngozi vyenye chapa ya nyuki, chapa ya Jumeau, vikiuzwa na mtu ambaye wiki moja nyuma alikuwa amemuuza mwenye viatu hivyo. Miaka 130 walikaa pamoja, wakaachanishwa kwa siku saba. Ukiweza, nunua vyote pamoja, hata kama gauni limechakaa. Na ukipata mwanasesere mwenye nguo mbovu za asili dhidi ya mwenzake aliyevishwa upya vizuri, chukua mwenye nguo mbovu.

Kama kuna pembe ya ndovu, gamba la kasa au manyoya ya ndege adimu kwenye upepeo wa mkono au kofia, fahamu kwamba CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu mwaka 1975, na sheria za nchi nyingi huzuia au huwekea masharti uuzaji na usafirishaji wake, hata kikiwa cha kale. Uliza mamlaka za nchi zote mbili kabla ya kununua nje.

Hatua ya 6: Akifika, mtenge

Usimweke kabatini siku hiyo. Mweke kwenye boksi lililofungwa, juu ya karatasi nyeupe, kwa wiki kadhaa, mbali na wenzake. Kila siku chache tazama karatasi. Vumbi kama mchanga, maganda madogo, au nyuzi za utando maana yake ni viwavi wa nondo au dudu wa mazulia. Sufu, felti, manyoya na wigi za nywele ndivyo wanavyovipenda. Wanasesere wa Lenci huliwa kuliko wote.

Ukikuta wadudu na nguo inavuliwa salama, ivue, ifunge kwenye mfuko wa polithini uliotolewa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, uache mfuko ukiwa umefungwa kwa saa 24 mpaka urudi kwenye joto la chumba, maana ukifungua mapema unyevu utaganda juu ya kitambaa. Mwanasesere mwenyewe usimgandishe: nta, rangi, gundi na macho yaliyoshikizwa kwa plasta havivumilii. Nguo iliyoshonwa juu ya mwili isiyovulika mwachie mhifadhi wa nguo za kale.

Hatua ya 7: Kusafisha ni kujizuia

Nilinunua gaguro la hariri la rangi ya maziwa, la miaka ya 1890, lenye doa la maji upande mmoja. Hali yake ilikuwa nzuri, ikitoa ule mchakacho wa hariri unapoishika. Nikajaza beseni maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa, nikaliweka taratibu. Kwa dakika moja lilielea kama ua. Nilipoliinua kwa viganja viwili, lilipasuka kwa mistari iliyonyooka, kila kwenye mkunjo, na vipande vikabaki majini. Nilivikusanya kwa kichujio.

Sababu yake niliijua baadaye. Hariri mbichi ikiondolewa ule unata wake wa asili hupoteza karibu robo ya uzito, na hariri iliuzwa kwa uzito. Watengenezaji wakarudisha uzito kwa chumvi za metali, hasa za bati. Kitambaa kikawa kizito, kikaning'inia vizuri, kikatoa mchakacho ule. Metali ile huidhoofisha hariri kutoka ndani. Haitengenezeki tena. Hariri ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 inayochakacha na kukatika kwenye mikunjo usiiloweshe, usiipige pasi, usiikunje, usiishone. Ilaze tu.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa vumbi. Tandika wavu laini wa nailoni juu ya kitambaa, tumia mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ya chini kabisa, ukigusa wavu kwa brashi laini, ukielekeza vumbi kwenye mdomo wa mashine. Uso wa biski unaweza kufutwa kwa pamba iliyolowanishwa kidogo sana kwa maji, mbali na nyusi, kope na midomo kama rangi hizo zimepakwa bila kuchomwa. Nta, karatasi iliyopondwa na mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi havijui maji kabisa. Nywele usizichane. Mkunjo ule wa wigi uliwekwa na mtu wa wakati wake, na kitana kikipita hautarudi.

Hatua ya 8: Mahali pa kukaa

Mwanga hujumlisha madhara yake, na rangi iliyopauka hairudi. Majumba ya makumbusho huweka nguo kwenye mwanga wa laksi 50, ambao ni kama chumba chenye taa hafifu. Nyumbani, kabati la kioo lisitazamane na dirisha, na liwe na pazia la kitambaa unalofungua ukitaka kutazama. Zungusha wanasesere: mwenye hariri akae nje miezi mitatu, kisha apumzike gizani. Unyevu wa hewa uwe karibu na asilimia 50 na usipande na kushuka kila siku. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopasua rangi ya vichwa vya mbao na vya karatasi.

Anayekaa wima apate kiegemeo kilichofungwa utepe wa pamba, ili waya usikate mgongo wa gauni. Anayewekwa bokisini ajazwe karatasi laini isiyo na asidi ndani ya mikono, kwenye sketi na kila mkunjo, mpaka pasiwepo mkunjo mkali hata mmoja. Mwenye macho ya kufumba alazwe kifudifudi, uso ukiwa umezungukwa na karatasi laini bila kugusa chini, ili uzito wa macho usivute kuelekea ndani ya kichwa. Epuka mifuko ya plastiki laini ya PVC, na dawa za nondo za vidonge. Wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, awekwe peke yake, mahali penye hewa na mbali na moto: inawaka kwa kasi, na ikianza kuoza hutoa gesi inayokula metali na vitambaa vya jirani. Wa nta mbali na joto la aina yoyote.

Hatua ya 9: Kadi

Kila mwanasesere apate kadi ya karatasi isiyo na asidi, iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huvuja. Andika namba yake, alama za kisogoni kama zilivyo hata kama huzielewi, urefu, mwili ni wa nini, siku na mahali ulipompata, na maneno yote ya muuzaji kuhusu asili yake. Kisha orodhesha nguo kuanzia ya ndani kwenda ya nje, ukitaja kila moja iko kundi lipi kati ya yale manne, na dalili iliyokufikisha hapo: "kivuli cha mkanda", "doa la kutu, tabaka tatu", "kifungo cha pili kimebadilishwa, matundu ya zamani yapo". Ukimvua, piga picha kila tabaka kabla ya kugusa linalofuata.

Usibandike kitu chochote kwenye nguo. Namba iandike kwenye kipande cha utepe wa pamba, kifungwe mguuni kwa fundo lisilokaza. Na vipande vikidondoka, kama uzi, shanga au ncha ya lesi, viweke kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa namba hiyohiyo. Lile gaguro langu liko kwenye bahasha kama hiyo, vipande 31, pamoja na kadi inayosema lilikuwa la nani na lilikaa chini ya gauni gani.